Krona tatu, kadi mbili: jibu kwa msafiri wa Copenhagen, Stockholm na Oslo

Swali: Kaka, mimi ni muuguzi, naishi Morogoro. Nimepata mafunzo ya siku tano Copenhagen, baada ya hapo napanda treni kwenda Stockholm kumwona mdogo wangu anayesoma huko, halafu Oslo siku tatu kabla ya kurudi nyumbani. Naambiwa nchi zote hizo zinatumia krona. Je, nibadilishe dola zangu ziwe krona hapahapa Tanzania, na kiasi gani? Nina kadi ya Visa ya akaunti ya shilingi ambayo sijawahi kuitumia nje, na nina M-Pesa. Kuna wanaoniambia Uswidi hawapokei kabisa pesa taslimu, na kuna wanaoniambia nisithubutu kwenda mikono mitupu. Nishike lipi?

Jibu: Dada yangu, hongera kwa safari. Nilikaa miaka kadhaa kwenye idara ya kadi ya benki moja Dar es Salaam kabla ya kuhamia Gothenburg, Uswidi, kwa hiyo swali lako nimelisikia kutoka pande zote mbili za kaunta.

Tuanze na krona, maana hapo ndipo watu wanapopoteza hela bila kujua. Jina ni moja, fedha ni tatu. Zamani zilikuwa na thamani sawa kweli: mwaka 1873 Uswidi na Denmark zilifunga muungano wa sarafu, Norwe ikaingia 1875, na krona ya huku ikapokelewa kule bila maneno. Vita Kuu ya Kwanza ikauvuruga muungano huo. Jina likabaki, thamani zikaachana. Leo krona ya Denmark imefungwa kwenye euro, kiasi cha krona 7.46 kwa euro moja, na haitikisiki. Za Uswidi na Norwe zinapanda na kushuka, na miaka hii ya karibuni zimekuwa zikicheza kwenye 11 hivi kwa euro. Kwa hiyo kitu cha krona 100 Copenhagen ni euro 13 na ushee, na cha krona 100 Stockholm au Oslo ni kama euro 9. Treni kutoka Copenhagen hadi Malmö ya Uswidi, ukivuka daraja la Øresund, haifiki hata saa nzima. Ukishuka upande wa pili na hesabu za asubuhi kichwani, kila bei utaikosea kwa karibu theluthi. Euro yenyewe usiitegemee madukani: Wadenmark waliikataa kwa kura mwaka 2000, Waswidi wakaikataa 2003, na Norwe haimo hata kwenye Umoja wa Ulaya. Anayetumia euro upande huu ni Mfini, na safari yako haifiki kwake.

Kuhusu kununua krona nyumbani, jibu langu ni hapana. Maduka mengi ya fedha za kigeni kwetu hayana, na yenye nazo yanakuuzia kwa bei ya kitu adimu. Lipo na jambo lingine. Kwetu kuna wajomba wengi waliosoma Uppsala au Oslo enzi za Mwalimu, na baadhi yao bado wana noti kwenye bahasha. Ukiaga, mjomba atakuletea kwa moyo mweupe: "Shika mwanangu, utanunulia chai." Pokea, mshukuru, lakini usiziwekee hesabu. Uswidi ilibadilisha noti zake zote, na za zamani zikakoma kupokelewa kati ya 2016 na 2017. Norwe ikafuata, ya mwisho ikiwa noti ya 1000 ya zamani mwaka 2020. Denmark nayo, tangu mwanzoni mwa Juni 2025, haipokei dukani noti za matoleo ya zamani wala noti yoyote ya 1000. Kama unataka kipimo cha haraka, noti ya sasa ya Uswidi ya 100 ina sura ya mwigizaji Greta Garbo, na ya 20 ina mwandishi Astrid Lindgren.

Sasa ugomvi wa hao wanaokushauri. Wote wawili wanasema kweli, ila wanazungumzia nchi tofauti.

Uswidi duka lina uhuru wa kukataa noti, mradi limetangaza. Utaona kibandiko mlangoni au karibu na mashine: "Kontantfritt", au "Vi tar ej kontanter". Maana yake wewe na noti zako mtafute pengine. Mikahawa, makumbusho, vibanda vya kahawa, hata vyoo vya stesheni, vingi viko hivyo, na mwenye duka havunji sheria yoyote. Denmark mambo ni mengine. Duka lenye mhudumu linatakiwa kupokea taslimu, isipokuwa nyakati za usiku na mahali ambapo wameruhusiwa kukataa kwa hofu ya ujambazi. Norwe wenyewe waliona watu wanaachwa nyuma wakaikaza sheria: tangu tarehe 1 Oktoba 2024, ukiwa dukani ana kwa ana una haki ya kulipa taslimu, hadi krona 20,000. Kwa hiyo noti inayokataliwa Stockholm inapokelewa Oslo, ingawa muuzaji kijana anaweza kuitazama kama ameletewa kitu cha makumbusho.

Halafu kuna pesa ya simu, na hapa ndipo sisi tunaotoka nchi za M-Pesa tunapojisahau. Tunafika tukidhani tutakuwa nyumbani, maana tumeanza mambo haya kabla yao: M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007 na kwetu 2008, wakati Swish ya Uswidi ilikuja mwishoni mwa 2012, MobilePay ya Denmark 2013 na Vipps ya Norwe 2015. Na kweli utayaona mambo yetu yaleyale. Nje kidogo ya mji Denmark utakuta meza kando ya barabara, viazi vipya kwenye mifuko, stroberi kwenye vikopo, muuzaji hayupo, na kibao chenye namba ya MobilePay. Kwa Mswidi, namba ya Swish imebandikwa kwenye meza ya mitumba, kwenye keki za watoto wa shule, hata kanisani pa kutolea sadaka. Ni Lipa Namba kabisa.

Ila mlango umefungwa. Ili upate Swish lazima uwe na akaunti ya benki ya Uswidi na namba ya utambulisho ya huko. Vipps na MobilePay nazo zimejengwa kwa ajili ya watu wenye benki na vitambulisho vya huku. Ni kama mgeni anayeshuka Dar leo akitaka laini na M-Pesa kesho, na hana NIDA wala pa kuanzia. Usipoteze muda kupakua programu hizo. Mdogo wako anayo Swish, mwache yeye alipe vitu vya namna hiyo, na wewe umfidie kwa njia yenu. Familia nyingi huku zinafanya hivi: yeye analipa mtumba na mkate kule, wewe unamrushia mama nyumbani shilingi ambazo angemtumia yeye mwisho wa mwezi. Hakuna anayekatwa gharama za kubadili.

M-Pesa yako haitakufaa kwenye kaunta ya huko, lakini usikate tamaa nayo. Mitandao yetu inatoa kadi pepe zinazobeba namba ya Visa au Mastercard. Safaricom walianzisha ya kwao Kenya mwaka 2022, na Tanzania zipo pia. Kadi hiyo haishikiki mkononi, kwa hiyo si ya kugusisha kwenye mashine. Kazi yake ni mtandaoni, na huko inafaa sana kwa tiketi za treni. Tiketi ya Copenhagen hadi Stockholm ukiinunua mapema ukiwa Morogoro, unalipa kiasi kidogo kuliko anayenunua siku ya safari, na unakuwa umeijaribu njia yako ya malipo ukiwa bado karibu na wakala wa kumuuliza.

Tufike kwenye kadi yenyewe, maana safari yako yote itapita hapo. Kadi ya Visa ya akaunti ya shilingi inaweza kufanya kazi vizuri tu, lakini kadi ambayo haijawahi kutoka nje ya nchi mara nyingi imefungwa kwa matumizi ya nje, ama na benki yenyewe ama kwenye programu yako ya simu. Nenda tawini wiki mbili kabla, usiende jana yake. Waambie nchi tatu kwa majina na tarehe zake. Uliza kikomo cha matumizi kwa siku, kwa sababu kikomo cha kawaida kinaweza kuwa kidogo kuliko bili ya hoteli ya Copenhagen. Uliza makato ya muamala wa nje na makato ya kutoa pesa kwenye ATM, na uandike majibu. Uliza pia kama kadi inakubali kugusishwa. Kisha ukitoka hapo iingize kwenye ATM ya kwetu uhakikishe unaikumbuka namba ya siri, maana huku mashine itakudai namba ya siri kila ukizidi kiasi fulani, na wakati mwingine bila sababu. Kusaini karatasi hakupo.

Kama unaweza kufungua akaunti ya dola yenye kadi yake, ifungue. Kadi ya shilingi mara nyingi hukokotolewa mara mbili, kutoka krona kwenda dola, kisha dola kwenda shilingi, na kila kituo kina wa kwake anayechukua kidogo. Zaidi ya hapo utakuwa na kadi mbili. Moja ikae kwenye pochi, nyingine kwenye begi la hoteli. Mtu mwenye kadi moja Skandinavia ni mtu aliyebakiza hatua moja kufika ubalozini.

Na laini yako ya simu. Hili nalisema kwa uchungu. Safari yangu ya kwanza huku, nikiwa bado mfanyakazi wa idara ya kadi, tena mimi ndiye niliyekuwa nafundisha wengine, nilisimama stesheni ya Malmö usiku nikijaribu kununua tiketi kwa simu. Kadi ilikuwa nzuri, salio lipo. Mtandao ukaniambia ingiza namba ya uthibitisho tuliyokutumia kwa SMS. SMS hiyo ilikuwa inaingia kwenye laini yangu ya Tanzania, na laini hiyo ilikuwa kwenye droo ya meza nyumbani Sinza, kwa sababu niliona si busara kuibeba. Treni ikaondoka mbele ya macho yangu. Kwa hiyo, dada, beba laini uliyoisajili benki, iwashie huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje, iwekee salio, na ujaribu ununuzi mmoja mdogo wa mtandaoni kabla hujapanda ndege.

Ukiwa mbele ya mashine, mambo mawili tu yanahitaji macho yako.

La kwanza: mashine inaweza kuigundua kadi yako ni ya Tanzania, ikakuonyesha bei mbili, moja kwa krona na nyingine kwa shilingi au dola, ikuulize unataka ipi. Shilingi inavutia, maana ndiyo unayoielewa. Chagua krona. Daima krona, ya nchi uliyomo. Ukichagua ya nyumbani, anayebadilisha ni kampuni ya mashine kwa kiwango anachopenda yeye, na asilimia kadhaa zinaondoka hapo hapo bila mtu kukupa chochote. ATM nazo hufanya mchezo huohuo, hasa zile zilizo kwenye mitaa ya watalii. Kitufe cha kuendelea bila kubadilisha fedha huwa kinafichwa pembeni, kimeandikwa kama vile ukikibonyeza utapata tatizo. Kibonyeze.

La pili ni la mikahawani, na huwa linawachekesha wenyeji. Mhudumu anakuletea mashine mezani. Kwenye baadhi ya mikahawa ya Uswidi na Norwe, kabla ya namba ya siri mashine inakutaka uandike mwenyewe jumla unayolipa, ili kama unataka kuongeza bakshishi uiongeze. Neno linaloonekana ni "belopp" kwa Kiswidi, "beløp" kwa Kinorwe, yaani kiasi. Mgeni anaona nafasi ya tarakimu, anaandika namba yake ya siri, anabonyeza kijani. Chakula cha krona 240 kimelipiwa krona 3,816, na namba yake ya siri imechapwa kwenye risiti. Soma kwanza. Bakshishi yenyewe si lazima. Mishahara ya wahudumu haiitegemei, na hakuna atakayekununia ukilipa bei ilivyo.

Hoteli zinahitaji maelezo yake. Ukifika watachukua kadi na "kushikilia" kiasi cha dhamana. Hawajakukata, lakini hela hiyo huwezi kuitumia mpaka waiachie, na kwa kadi ya akaunti ya kawaida kuiachia kunaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki. Ukiwa na salio la kubana utajikuta una pesa na huna. Waulize kabla ya kufika wanashikilia kiasi gani, uache nafasi. Kama kuna mtu kwenye msafara wenu mwenye kadi ya mkopo, dhamana ziwekwe kwake. Wazo la kukodi gari kwa kadi ya kulipia kabla au kadi pepe lifute kabisa.

Usafiri wa mjini ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Stockholm unagusisha kadi ya benki kwenye geti la treni ya chini au kwenye basi, geti linafunguka, basi. Kila mtu na kadi yake. Dereva wa basi hapokei pesa mkononi. Oslo hakuna mageti, na hilo ndilo linalowaponza wageni: unaingia bure, kisha mkaguzi anatokea kituo cha tatu, na faini yake inauma. Nunua tiketi kwenye programu ya Ruter, kampuni ya usafiri wa mji huo, au kwenye vibanda vya Narvesen kabla ya kupanda. Metro ya Copenhagen nayo haina mageti wala dereva, lakini ina wakaguzi, na mashine za tiketi zinapokea kadi.

Kiasi cha taslimu, sasa. Mimi ningekuwa wewe ningebeba euro 200 hadi 300 kutoka nyumbani, noti safi za 20 na 50, kama akiba ya dharura isiyoguswa. Euro inabadilishwa nchi zote tatu. Shilingi yetu huku ni karatasi nzuri ya rangi. Ukifika Copenhagen toa krona 400 hivi kwenye ATM ya benki. Stockholm vivyo hivyo, kama krona 500, kwenye zile mashine za buluu zilizoandikwa Bankomat. Toa mara moja tu, maana benki yako inakata kila ukitoa, iwe umetoa 200 au 1,000. Oslo usitoe kitu mpaka uhitaji. Ukiona ATM inakupa noti moja ya Uswidi ya 1000, ikatae kama inawezekana. Hakuna mwenye chenji yake. Ingawa sura iliyomo inatuhusu: ni Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, Septemba 1961, akiwa njiani kushughulikia vita vya Kongo.

Kama unajiuliza kwa nini ubebe noti hata kidogo kwenye nchi ya kadi, mwezi Julai 2021 mnyororo mmoja wa supamaketi Uswidi ulifunga maduka yake karibu 800 kwa sababu wadukuzi waliangusha mfumo wa mashine za malipo. Novemba 2024 serikali ya huko ikatuma kijitabu kila nyumba kuhusu kujiandaa na dharura, na miongoni mwa vitu inavyoshauri kuwa navyo ni pesa taslimu ya kutosha wiki moja. Hao ndio walioizoea kadi kuliko watu wote.

Mengine madogo madogo. Risiti ya supamaketi usiitupe ukiwa bado ndani. Kwenye maduka mengi ya kujihudumia unaiskani ndipo geti la kutokea lifunguke, na nimeona watu wazima wakipekua pipa la taka. Chupa na makopo ya soda yana dhamana inayoitwa "pant": Norwe krona 2 au 3, Denmark krona 1 hadi 3 kulingana na ukubwa. Unairudisha chupa kwenye mashine dukani, unapata karatasi, karatasi inapunguza bili yako. Kadi ambazo si za Ulaya zinaweza kuongezewa makato kidogo kwenye baadhi ya maduka ya Denmark. Siyo wizi, sheria inayoyazuia inalinda kadi za Ulaya tu. Ukinunua kitu cha bei, kama koti la baridi, uliza fomu ya kurudishiwa kodi, kwa sababu bei imeongezwa kodi ya asilimia 25 na wewe ni mkazi wa nje. Kumbuka Norwe ina taratibu zake mbali na Umoja wa Ulaya, kwa hiyo vya Denmark na Uswidi vigongewe muhuri kabla hujavuka kwenda Oslo.

Sarafu zitajichanganya mfukoni. Zitenganishe kwa tundu: Denmark ya 1, 2 na 5 zina tundu katikati, Norwe ya 1 na 5, Uswidi hakuna hata moja. Maduka ya kubadili fedha yanapokea noti tu, kwa hiyo sarafu zote zimalize kabla ya mpaka. Za Norwe zitakuishia uwanja wa ndege wa Oslo: mwagia sarafu zote kwenye kahawa, kinachobaki gusisha kadi, hawashangai.

Ukirudi Morogoro, weka risiti kwenye bahasha na uzilinganishe na taarifa ya akaunti baada ya wiki tatu au nne. Angalia zaidi ile dhamana ya hoteli. Ikiwa bado imeshikiliwa, nenda tawini na bili iliyoonyesha umeshalipa, waombe waifuatilie. Ukiwa na karatasi mkononi kwa kawaida inaachiwa.